Makro kwa lenzi ya 50 mm na ringi: mbona picha haziwi kali?

Mwanagenzi_Picha
Wakuu, habari za kazi. Napiga makro, yaani picha za karibu sana, za wadudu na maua ya porini, nimejifunza mwenyewe. Kamera ni ya APS-C (aina ya sensa, kile kipande kinachopokea picha), lenzi 50 mm f/1.8 (f ni kipimo cha tundu la lenzi: namba kubwa, tundu dogo), ringi tatu za kurefusha lenzi (12, 20 na 36 mm) na flashi ya nje. Nikifunga ringi zote, jicho la vunjajungu linatoka kali ila kifua na miguu ni ukungu mtupu. Nikibana tundu hadi f/22, picha nzima inalegea. Nyuma nako ni kweusi tii. Nirekebishe nini, au ninunue lenzi ya makro?

JichoLaPanzi
Mkuu, usinunue kitu kwanza. Umekuza kupita kiasi. Gawanya urefu wa ringi kwa urefu wa lenzi: 68 kwa 50 ni ukuzaji wa 1.36, yaani mdudu anaangukia kwenye sensa akiwa mkubwa kuliko alivyo. Fremu inabeba upana wa kama 17 mm tu, na kwa f/8 sehemu iliyo kali haifiki nusu milimita. Kichwa cha vunjajungu chenyewe ni kinene kuliko hapo.

Sasa hiyo f/22. Namba unayoisoma kwenye kamera siyo inayofanya kazi. Izidishe kwa moja jumlisha ukuzaji. 22 mara 2.36 ni kama f/52. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo namna hiyo unatawanyika, na hakuna programu itakayokurudishia ukali wake.

Toa ringi ya 36, baki na 12 na 20. Ukuzaji unashuka hadi 0.64, fremu inabeba kama 36 mm, na kwa f/11 unapata karibu 1.7 mm za ukali. Namba halisi hapo ni f/18, karibu sawa kabisa na f/8 ukiwa na ringi zote. Yaani kina cha sehemu iliyo kali kimeongezeka mara nne na hujapoteza chochote kwenye ukali. Ukihitaji kichwa peke yake, kata picha baadaye.

Halafu zima fokasi ya otomatiki. Zungusha fokasi ya lenzi hadi mwisho wa mbali, sogea mbele na nyuma kwa kiwiliwili, bonyeza jicho linapokaza. Sensa iwe sambamba na ubavu wa mdudu. Ukimpiga kwa mshazari, hata hizo 1.7 mm zinaliwa bure.

FundiMwanga
Naongezea upande wa mwanga. Weusi wa nyuma unatokana na flashi kufifia haraka: kitu kilicho mbali nayo mara tatu hupata moja ya tisa tu ya mwanga. Shikilia jani bichi kwa kibanio, sentimita 5 hadi 10 nyuma ya mdudu, weusi utakwisha.

Anza na ISO (usikivu wa sensa kwa mwanga) 200, kasi ya shata 1/200 ya sekunde, na flashi uipangie nguvu mwenyewe, 1/8 au 1/16 ya nguvu yake. Ikiwa chini hivyo mwako wake ni mfupi mno, unagandisha mtikisiko wa mkono, kwa hiyo tripodi si lazima. Funika flashi kwa karatasi ya kuokea keki, tabaka mbili, iinamie mbele ya lenzi karibu kabisa na mdudu. Mwanga ukitoka sehemu ndogo, mgongo wa mbawakawa unabaki na doa jeupe lisilosafishika.

Angalia pia kama ringi zako zina viunganishi vya umeme. Zisipokuwa navyo, tundu la lenzi nyingi za kisasa halibanwi na kamera.

Mwanagenzi_Picha
Asanteni sana wakuu. Na vinyonga vibeti (wale wadogo sana) wa msitu wa Amani, Usambara Mashariki, niwapigeje usiku?

MtembeaMsitu
Tumia ringi ya 12 peke yake: fremu inakuwa kama 96 mm, kinyonga wa sentimita 6 anaenea na mkia wake. Hulala kwenye vijiti na miche ya chini, na rangi yake hupauka, hivyo tochi humwonyesha haraka. Kijiti usikiguse, akishtuka hujiachia chini na hapo humwoni tena. Piga picha chache, zima taa, mwache alale.

Kule unyevu ni mkali. Kamera ikitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, iache ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto la nje, la sivyo kioo kinafunga ukungu. Ukirudi, hifadhi lenzi kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na silika jeli (vile vipakiti vya kunyonya unyevu), maana kuvu akishaota katikati ya vioo, lenzi lazima ifunguliwe na fundi.