Naombeni ushauri: ECG (kipimo cha umeme wa moyo) imekataa, eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) inasema ukuta wa moyo 13 mm, kocha anasema ni mazoezi tu

Mbio_Ndefu
Habari zenu wakuu. Mimi ni mkimbiaji wa mbio ndefu, umri 27. Timu ilitupeleka kupima afya kabla ya msimu, wenzangu wote wakapita mimi nikaambiwa subiri kwanza. Mapigo nikiwa nimetulia ni 44, hapo hakuna aliyeshtuka, ila ECG ikaonyesha mawimbi ya T (sehemu ya mchoro moyo unapojiandaa kwa pigo linalofuata) yamepinduka V5 na V6, yaani kwenye vistika vya upande wa kushoto wa kifua. Nikapelekwa eko, nikalazwa ubavu wa kushoto na ile jeli ya baridi, daktari anakandamiza kifaa katikati ya mbavu mpaka panauma, anapima anarudia palepale, haongei. Majibu: ukuta wa kati ya chemba mbili za chini 13 mm, chemba ya kushoto upana 52 mm, EF (sehemu ya damu ya chemba inayosukumwa nje kila pigo) 58%. Ameniandikia kipimo cha kukimbia kwenye tredimili, Holta (kifaa cha kuvaa kinachorekodi umeme wa moyo) na MRI ya moyo (picha kwa mashine ya sumaku), halafu mazoezi makali nisimamishe mpaka majibu yatoke.

Kocha anasema huo ni moyo wa mwanariadha tu nisije nikapoteza msimu bure. Sijawahi kuzimia, kifua hakiumi. Sasa hapo nimsikilize nani? Na hivyo vipimo vyenyewe havina madhara?

BabaRaba
Kocha ana saa ya kuhesabia mizunguko mkuu, mashine ya eko hana 😂 Msikilize daktari.

FundiWaEko
Nafanya kazi chumba cha eko kwa hiyo naongelea upande huo. Mtu wa kawaida ukuta haupiti 11 mm hivi. Mwanariadha anaweza kufika 12. Kuanzia 13 mpaka 15 ndipo hata sisi tunakwama, maana moyo wa mazoezi na ugonjwa wa misuli ya moyo kunenepa, ule wanaouita HCM, vinafanana hapo kwa macho. Ndio maana alikuwa anarudia kupima, mm moja inabadilisha habari nzima na kifaa kikikaa upande kidogo tu unapata namba ya uongo.

Kinachosaidia kutofautisha ni chemba. Moyo wa mazoezi unakua wote, ukuta unanenepa na chemba nayo inapanuka, kwa watu wa mbio ndefu na baiskeli unakuta 55 na kuendelea. Kwenye HCM ukuta unanenepa huku chemba inabaki ndogo, mara nyingi chini ya 45. Wewe 52 yako haijakaa huku wala kule. Kitu kingine angalia kwenye ripoti kama wameandika Dopla ya tishu, inapima misuli inavyolegea moyo ukijaa damu. Wa mwanariadha unalegea haraka, wa mgonjwa mgumu.

Na hiyo EF 58% isikupe usingizi. Mwenye HCM anaweza kuwa na EF nzuri kabisa, na mkimbiaji mzima wa afya anaweza kuwa na 50 hivi akiwa amelala halafu ikapanda akianza kukimbia.

NesiWaZamu
Mimi kilichonishtua ni ECG kuliko eko. Mapigo 44 kwa mkimbiaji wala si habari. Hata T kupinduka V1 mpaka V4 kwa wanariadha weusi, kama kabla yake ST (kipande cha mchoro kinachotangulia wimbi la T) imeinuka kama kilima, vigezo vya kimataifa vya 2017 vinahesabu ni kawaida. Lakini V5 na V6 haimo kwenye huo msamaha, awe mweusi awe mweupe, lazima achunguzwe. Daktari wako hajakuonea.

Mkongwe_wa_Uwanja
Vijana hamkumbuki Marc-Vivien Foé, mchezaji mpira wa Cameroon, Juni 2003 pale Lyon Ufaransa, mechi ya Cameroon na Colombia, kaanguka katikati ya uwanja hajaguswa na mtu. Miaka 28. Uchunguzi ukasema moyo. Eriksen, mchezaji mpira wa Denmark, 2021 naye alianguka, yeye alishtuliwa na mashine palepale uwanjani akapona. Italia tangu 1982 mwanamichezo wa mashindano hachezi bila kupimwa na ECG ikiwemo, hawa wengine wanasubiri mtu aanguke.

Spidi120
Mkongwe usimtishe mwenzio. Mimi niliambiwa hivihivi, ukuta 13, nikasimamishwa miezi mitatu nikarudi eko ukuta umeshuka. Moyo wa mazoezi ukiacha mazoezi unapungua, wa ugonjwa unabaki vilevile. Roho iliniuma sana kukosa msimu lakini nikarudi nakimbia bila wasiwasi.

Mbio_Ndefu
Asanteni sana wakuu. Ripoti ya Dopla ya tishu haijaandikwa, nitauliza. Kuna kitu sikuandika juu, baba mdogo alianguka ghafla akafariki akiwa na thelathini na kitu, nyumbani yakasemwa mengi ila hospitali hakuwahi kupimwa. Hii inahusiana?

FundiWaEko
Inahusiana sana tena ungeanza nayo. HCM inatembea kwenye ukoo. Mwambie daktari KABLA ya tredimili, na ikithibitika wadogo zako wa tumbo moja nao wapimwe hata kama hawakimbii. Kwa sasa weka raba pembeni, hata zile mbio za taratibu muulize kwanza.

NesiWaZamu
Kuhusu madhara, havina cha kuogopa, hupasuliwi wala huingizwi mrija kwenye moyo. Tredimili wanaangalia mapigo, presha na umeme wa moyo ukiwa umechoka kabisa, kwa hiyo usijikaze kiume, ukisikia kizunguzungu sema. Holta unaivaa saa 24 au zaidi, usiiloweshe. MRI haina mionzi, ila utachomwa sindano ya mkono kuweka dawa ya kuonyesha makovu kwenye misuli, kwa hiyo kama una tatizo la figo au chuma mwilini waambie mapema. Mashine inagonga kelele na utaambiwa toa pumzi shikilia, tena na tena, fanya mazoezi ya hilo nyumbani.

Mbio_Ndefu
Sawa nesi. Nimeshampigia daktari nimemweleza habari ya baba mdogo, kasema MRI ndiyo itangulie, tredimili ifuate. Kocha kanuna.

BabaRaba
Ataacha kununa. Siku ya tredimili nyoa kifua mwenyewe nyumbani, nyembe zao zinakwaruza na vile vistika havishiki kwenye manyoya.