Naombeni ushauri: kamera ya megapikseli 61, shemeji aninunulie Dubai bila kodi

Mnandi wa Kirumba
Wakuu, habari za jioni. Nipo Mwanza, Kirumba. Huu ni mwaka wa saba napiga picha: harusi, sendofu, kipaimara, na alfajiri nikipata nafasi nashuka Mwaloni kuwapiga picha wavuvi na akina mama wa dagaa. Bodi yangu (kamera yenyewe bila lenzi) ni ya megapikseli 24, yaani pikseli au vitone vya picha milioni 24, na haijawahi kunisumbua.

Wiki iliyopita mwenye hoteli moja ya ufukweni kaniita. Anataka picha mbili za kutundika mapokezi, kila moja upana wa mita 2. Moja ni Jiwe la Bismarck, lile la ziwani hapa Mwanza, jua likizama, nyingine ni mitumbwi ya dagaa usiku, taa zikimulika maji. Sijawahi kupewa kazi ya namna hii. Picha zangu nyingi zinaishia kwenye simu za watu. Hizi zitakaa ukutani miaka.

Nilichukua picha yangu ya zamani ya Bismarck, nikachapa kipande kwa kipimo hicho cha mita 2. Kwa mbali inapendeza. Ukisogea, wale ndege aina ya mnandi waliotua juu ya jiwe wamekuwa mabaka meusi, hujui mdomo uko wapi na shingo iko wapi. Iliniuma.

Nina akiba ya milioni 11, nimeiweka kidogo kidogo tangu 2021. Nimeipenda Sony A7R V, megapikseli 61. Shemeji yangu anafanya kazi Dubai mwaka wa nne sasa, na mwezi ujao anakuja likizo. Anasema kule ukitoka unarudishiwa kodi uwanja wa ndege, kwa hiyo nitaipata bila kodi. Je, hizo 61 zitanitatulia tatizo la mnandi? Na hilo la kodi limekaa sawa? Naomba majibu ya waliopitia.

Mzee wa Lenzi
Kijana wangu, hongera kwa kazi. Tuanze na hesabu.

Bodi yako ya 24 inatoa pikseli 6,000 kwa 4,000. A7R V inatoa 9,504 kwa 6,336. Ukizidisha unaona mara mbili na nusu, lakini ukutani kinachohesabika ni upana, na upana umeongezeka mara 1.6 tu. Mita 2 ni karibu inchi 79. Yako inaweka pikseli 76 katika kila inchi, hiyo ya 61 inaweka 120. Hata Fujifilm GFX100S ya megapikseli 102, yenye sensa (kile kipande kinachopokea mwanga) kubwa kuliko ya fulu fremu kama A7R V, kwa upana huo inafika 148. Majarida huchapwa kwa 300, ila yale yanasomwa mkononi. Mtu aliyesimama hatua tatu kutoka ukutani, 76 zinamtosha.

Shida ni yule atakayesogea kuwatazama ndege. Na mimi namtetea huyo, ana haki ya kukuta kitu akisogea.

Niambie, ile picha ya zamani uliipiga kwa lenzi gani? Mkononi au kwenye tripodi?

Mnandi wa Kirumba
Shikamoo mzee. Ni lenzi iliyokuja na kamera, mkononi. Halafu niliikata karibu nusu, maana kivuko cha Kamanga kilikuwa kinapita upande wa kulia.

Mzee wa Lenzi
Marahaba. Basi hukuchapa megapikseli 24, ulichapa kama 12, tena kupitia lenzi dhaifu, na mkono ulicheza kidogo.

Fikiria wavu. Sensa ya fulu fremu ni milimita 36 kwa 24, iwe na megapikseli 24 au 61. Wavu ni uleule, kilichobadilika ni macho yake. Macho yakiwa madogo unanasa hata dagaa, yakiwa makubwa unabaki na sangara. Lakini lenzi ikiwa butu au mkono ukitikisika, hao dagaa hawafiki kwenye wavu kabisa. Ndiyo maana wengine wananunua 61 kisha wanalalamika picha hazina tofauti. Sensa ya namna hiyo inaonyesha kila mtikisiko, na ukibana tundu la lenzi kupita f/11 (namba ikikua tundu linakuwa dogo) ukali unaanza kupungua.

Kabla hujagusa akiba fanya hivi. Nenda Bismarck na tripodi na lenzi ya milimita 50, zile za f/1.8 za bei ndogo, uibane hadi f/8. Simamisha kamera wima. Piga fremu 5 ukigeuka taratibu, kila fremu ipishane na mwenzake theluthi moja. Weka mwanga na fokasi kwa mkono, zisibadilike kati ya fremu. Ukiziunganisha kwenye kompyuta unapata zaidi ya pikseli 14,000 kwa upana. Hiyo inaipita hata ile Fujifilm. Jiwe haliendi popote, litakungoja umalize.

Nyasaka 88
Hapo kwenye kodi usiumize kichwa mkuu. Mwambie shemeji aitoe kwenye boksi, aivae shingoni kama mtalii, boksi lije baadaye kwa mtu mwingine. Wengi wanafanya.

Wakala Bandari ya Kusini
Ndugu Nyasaka, tafadhali usimshauri mwenzako hivyo. Mimi kazi yangu ni kutoa mizigo forodhani. Mali isiyotamkwa inaweza kutaifishwa, na atakayesimama mbele ya afisa ni shemeji, wewe na mimi tuko nyumbani. Mtu anakuja likizo kuona familia, halafu tumbebeshe mzigo huo?

Mnandi, kwanza upande wa Dubai. Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kule ni asilimia 5, ilianza Januari 2018. Kamera ukilipia dirhamu 10,500, kodi iliyomo ni 500. Hata hizo 500 hazirudi zote, kuna ada inayokatwa. Na jambo ambalo shemeji yako amelisahau: utaratibu ule ni wa watalii. Mwenye kibali cha ukaazi kule, kama yeye anayefanya kazi huko, hahusiki. Anayehusika ni mgeni aliyenunua kwa pasipoti yake mwenyewe, akaondoka na mali mwenyewe ndani ya siku 90, akaithibitisha uwanjani kabla ya kukabidhi begi.

Sasa upande wetu. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamwachia msafiri vitu vya matumizi yake visivyozidi kikomo fulani cha thamani, na kamera hii inakipita. A7R V ilitoka mwaka 2022 kwa karibu dola 3,900. Ndege itatua Dar kabla ya kuja Mwanza, na pale ndipo kodi inapoanza: ushuru wa forodha, tozo ya reli, na VAT ya asilimia 18 ambayo inapigwa baada ya ushuru kujumlishwa kwenye thamani. Kwa hiyo neno "bila kodi" kwenye duka la nje maana yake umesamehewa kodi yao. Yetu iko palepale. Umepigania 5, zinakusubiri 18 na zaidi.

Nenda TRA, mamlaka ya mapato, na jina kamili la kamera, waombe wakupigie hesabu ya makadirio kabla shemeji hajatoa hela. Na yeye aje na risiti halisi, apite mstari mwekundu, ule wa wenye mali ya kutamka. Risiti iliyopunguzwa bei haisaidii, maafisa wanazijua bei.

Geita Road
Naongezea kwa kifupi. Kama kuna anayefikiria Uingereza, wale walifuta marejesho ya kodi kwa wasafiri kuanzia Januari 2021. Hong Kong hakuna kodi ya mauzo kabisa, bei ya rafuni ndiyo hiyo hiyo. Japani ni asilimia 10 na watalii wanasamehewa, ila uwe makini: bodi za Sony za soko la ndani la Japani menyu yake ni Kijapani peke yake. Mimi niliagiziwa bodi ya namna hiyo na mtu ambaye hakuniambia. Miezi mitatu nabonyeza kwa kukariri, bibi harusi ananisubiri. Nikaiuza kwa hasara. Ulizeni pia waranti, nyingi zinafanya kazi nchi ile ile uliyonunua.

Dada wa Nansio
Kaka Mnandi, wote wamekujibu la Bismarck. La mitumbwi hawajaligusa, na hilo ndilo gumu. Mimi naishi Ukerewe na wavuvi wa dagaa nimewafuata usiku mwingi.

Fremu 5 za kuunganisha hazitakusaidia huko. Mtumbwi unayumba, wako unayumba, maji hayatulii hata sekunde. Tripodi ndani ya mtumbwi ni mzigo tu. Unahitaji fremu moja, kasi ya shata (pazia la kamera) angalau 1/200 ya sekunde, ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, 6400 au zaidi. Hapo megapikseli zina maana. Usiogope wanaosema sensa yenye pikseli nyingi ina chenga zaidi, vile vidoti vinavyochafua picha ya usiku. Ukikuza hadi pikseli moja moja utaziona chenga, kweli. Ukichapa picha mbili kwa upana ule ule wa mita 2, tofauti ni ndogo sana, kwa sababu sensa zote mbili zimekusanya mwanga kwenye eneo lile lile. Kinachokuokoa usiku ni lenzi yenye tundu kubwa.

Ila usitumie shata ya kielektroniki kwenye hizo bodi za 61. Sensa yake inasomwa polepole, mstari baada ya mstari, na mitumbwi mingi siku hizi ina taa za LED. Utapata michirizi ya giza inayokata picha nzima. Tumia shata ya mitambo.

Mimi nina Nikon D850, ni ya 2017, megapikseli 45.7. Kwa mita 2 inakupa pikseli 105 kwa inchi. Nimechapa nayo picha za usiku na sijaona aibu. Kabla hujatoa milioni zako, njoo siku za giza. Mbalamwezi ikiwepo hawaendi ziwani. Nitakuazima bodi na lenzi ya milimita 35, tutapanda na mjomba wangu.

Mnandi wa Kirumba
Wakuu, nimerudi. Jana jioni nilikwenda Bismarck na tripodi ya kuazima na lenzi ya 50. Raundi ya kwanza mawimbi hayakuungana vizuri, kuna mstari ulikatika kwenye maji upande wa kushoto. Nikasubiri upepo utulie, raundi ya tatu imekubali. Nimechapa kipande kwa kipimo kile kile cha mita 2. Mnandi mmoja amekunjua mabawa kukausha, na manyoya ya mwisho ya bawa yanahesabika. Nimekaa nayo mezani usiku kucha.

TRA nakwenda Jumatatu kuchukua makadirio. Shemeji nimemwambia asinunue chochote kwanza, amefurahi, hata yeye hakujua kama marejesho hayamhusu.

Dada wa Nansio, asante sana. Mwezi sasa umejaa. Nahesabu siku kumi kuanzia leo, nitakuwa kwenye boti ya asubuhi. Mwambie mjomba nitaleta mafuta ya injini mwenyewe.

Dada wa Nansio
Lete na sweta. Kule katikati baridi inauma.