Sanduku moja la barua pepe, maofisa watatu: ruhusa zigawanywe vipi?

Karani_Mbeya
Ndugu zangu, habari za kazi. Ninasimamia seva ya barua pepe ya chama cha ushirika wa kahawa, inayotumia Postfix (programu ya kutuma na kupokea barua) na Dovecot 2.3 (ya kuzihifadhi na kuzisoma), na maofisa watatu wa Mbeya, Mbozi na Tukuyu huingia kwenye sanduku la mauzo kwa nywila moja. Juma lililopita mnunuzi aliomba sampuli. Ofisa wa Tukuyu akaufungua ujumbe huo kwenye simu akiwa safarini, herufi nene zikatoweka, na wenzake wakadhani umekwisha kujibiwa. Ulikaa siku nne. Sasa nimempa kila mmoja akaunti yake na kuandika ruhusa kwa mkono katika faili la `dovecot-acl`, lakini hakuna anayeliona sanduku hilo. Nimekosea wapi?

Fundi_Uyole
Pole, mkuu. Faili hilo linasomwa, ila orodha ya `acl_shared_dict`, inayoiambia seva nani amemshirikisha nani, haijazwi kwa kuandika faili kwa mkono. Hujazwa ruhusa inapotolewa kwa `doveadm`, amri ya kuisimamia Dovecot, au kupitia IMAP yenyewe, yaani itifaki ya kusomea barua kwenye seva. Jaribu hivi:

`doveadm acl set -u mauzo INBOX user=tukuyu lookup read write write-seen`

Hakikisha pia kwamba orodha hiyo inaandikika na seva. Sijaweka `write-deleted` wala `expunge` kwa makusudi: ya kwanza huweka alama ya kufutwa, ya pili ndiyo inayouondoa ujumbe kabisa. Katika RFC 2086, hati ya kiwango cha ruhusa za IMAP ya mwaka 1997, mambo hayo mawili yalibebwa na herufi moja ya ruhusa, yakatenganishwa na RFC 4314 mwaka 2005, kwa hiyo hakuna sababu ya kumpa kila mtu yote.

Mama_Kihesa
Naongezea kutoka Iringa, maana amri ya Fundi peke yake haitakuondolea tatizo la siku nne. Alama ya kusomwa ni ya wote isipokuwa umeweka `INDEXPVT` (faharasa ya binafsi ya kila mtumiaji) kwenye mpangilio wa mahali pa sanduku la pamoja. Ukiiweka, kila ofisa anakuwa na alama yake ya kusomwa, huku ile ya kujibiwa ikibaki ya wote. Hiyo ndiyo mnayohitaji: Tukuyu akisoma, kwa Mbozi ujumbe bado ni mpya, na Mbeya akijibu, wote wanauona mshale wa kujibiwa. Kutuma kwa jina la mauzo ni suala jingine, kwani ruhusa za IMAP hazifiki huko. Tazama `smtpd_sender_login_maps` ya Postfix, inayosema akaunti ipi inaruhusiwa kutuma kwa anwani ipi.

Karani_Mbeya
Ahsanteni sana. Folda imeonekana kwa wote watatu, na nimeibadilisha nywila ya zamani. Ofisa wa Tukuyu amekwisha kunipigia mara mbili akilalamika kwamba simu yake imemkataa.