Moto umevuka mpaka: Kutoka 22 na mikorosho ya jirani

*Kundi la jumuiya, Masasi*

Mwenyekiti: Tumsifu Yesu Kristo. Tafakari ya wiki hii ni Kutoka 22:5-6 na Mathayo 18:15-17. Swali lililoletwa: mtu amechoma majani shambani, moto ukavuka mpaka ukaunguza mikorosho ya Mkristo mwenzake. Nani aanze kumfuata mwenzake? Na msamaha ukishatolewa, deni limekufa? Katekista, karibu.

Mama Upendo: Milele amina. Aliyeunguziwa asamehe tu yaishe. Saba mara sabini.

Katekista: Milele amina. Mama Upendo, saba mara sabini ni Mathayo 18:22. Rudi juu kidogo, sura hiyohiyo, aya ya 15: "enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu." Aliyesema samehe ndiye aliyesema kamwonye. Msamaha unaondoa kinyongo kwa aliyeumizwa, hauondoi wajibu wa aliyewasha. Kutoka 22:6 inasema moto ukishika miiba ukateketeza ngano, aliyeuwasha hana budi kulipa. Weka mkorosho mahali pa ngano.

Baba Tumaini: Lakini huyu alizima. Upepo wa kusi ndio uliofufua kisiki usiku. Hakukusudia.

Katekista: Aya haiulizi kama alikusudia. Inataja miiba kwanza kwa sababu moto huanzia kwenye takataka, mtu anauona mdogo anaondoka. Kisiki kinachofuka moshi hakijazimika. Ila kutokukusudia kuna uzito wake: mwizi aliyechinja kondoo wa watu alilipa kondoo wanne (Kutoka 22:1), mwenye moto analipa kilichoungua. Tusimtoze faini ya mwizi, wala tusimwachie bure.

Mama Upendo: Sawa, nimeelewa. Sasa nani aanze?

Katekista: Wote. Mathayo 5:23-24 inamtoa aliyekosa mbele ya madhabahu, akapatane kwanza. Mathayo 18:15 inamtoa aliyekosewa nyumbani kwake. Hakuna aya inayomruhusu yeyote kukaa barazani kumsubiri mwenzake.

Mzee: Wanangu, jambo hili huharibikia humu humu kwenye simu. Picha ya mikorosho iliyoungua ikirushwa kwenye kundi, mmeruka hatua mbili za Mathayo 18, ya wawili peke yenu na ya mashahidi, mmeangukia ya tatu, ya kanisa. Mtuhumiwa hatasikia tena, atajitetea mbele ya watu. Na mtani asitumwe mwanzo. Atasema kweli, lakini kwa mzaha, na mwenye hasara siku hiyo hana nafasi ya kucheka.

Mama Upendo: Shikamoo Mzee. Na ile ya "jua lisichwe", aende usiku uleule?

Mzee: Marahaba mwanangu.

Katekista: Waefeso 4:26 inakataza uchungu kulala nawe, haisemi kesi imalizike kabla ya magharibi. Watu wanaibeba aya hiyo wanakwenda saa tatu usiku wakiwa bado wanatetemeka kwa hasira, panga mkononi. Jioni hiyo maneno machache yanatosha: "Ndugu yangu, moto umefika kwangu na nimeumia. Kesho asubuhi twende tukaangalie pamoja." Basi, rudi nyumbani.

Fundi wa miche: Asubuhi hiyo mkaangalie, msihesabu maiti bado. Mkorosho uliobabuka majani si mkorosho uliokufa. Kwaruza gome kwa ncha ya kisu, shina pande zote nne, kisha matawi makubwa. Chini ya gome pakiwa kijani chenye maji, pana uhai. Pakiwa kahawia na pakavu, sehemu hiyo imekwisha. Tieni kila mti alama, mrudi wote wawili mvua zikishika mwone upi umechipua. Anayedai siku ya kwanza hudai miti ambayo itafufuka, na mwaka ujao mwenzake anaiona inazaa. Hapo uadui unaanza upya.

Baba Tumaini: Malipo yenyewe yanapigwaje?

Fundi wa miche: Mti ulio hai umepoteza zaidi maua na korosho za msimu huu. Hesabuni kwa kilo za korosho, si kwa shilingi, maana bei ya mnada hubadilika. Mfano, miti 4, kila mmoja kilo 12 msimu uliopita, hiyo ni kilo 48, zipimwe kwenye mzani wa AMCOS, chama chetu cha ushirika cha mazao, si kwa kopo. Mti uliokufa ni mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa na kikonyo cha mti bora, shimo, palizi, na mavuno ya miaka kama mitatu mpaka mche uanze kuzaa. Anayeleta mche peke yake amelipa sehemu ndogo sana.

Katekista: Na korosho hizo ziwe daraja la kwanza. Kutoka 22:5 inadai vilivyo vizuri vya shamba lake mwenyewe.

Mama Upendo: Jirani akiwa Mwislamu je? Hatua ya kanisa haimhusu.

Katekista: Mbili za kwanza zinabaki vilevile. Ila mashahidi usichukue wa jumuiya watupu, ataona amezingirwa. Mmoja awe mtu anayemwamini yeye, hata wa msikitini kwake. Ya tatu ni balozi au mwenyekiti wa kijiji. Na kama sisi ndio tuliochoma, tulipe kabla hajadai. Warumi 12:18 inasema "kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote".

Katibu: Deni liandikwe. Paulo alimwandikia Filemoni kwa mkono wake, "mimi nitalipa". Andikeni: majina, tarehe ya moto, idadi ya miti hai na iliyokufa, kilo, msimu wa kulipa, sahihi za wawili na shahidi mmoja kila upande. Nakala mbili.

Baba Tumaini: Asiyejua kusoma?

Katibu: Asomewe na mtu wa nyumbani kwake, si wa upande wa pili. Asomewe mara mbili, ndipo aweke dole gumba.