Taarifa ya mwaka ya Idara ya Haki, Australia Magharibi: nianze kusoma wapi?

mlezi_wa_vijana

Ndugu zangu wa Perth na kwingineko, habari za jioni.

Nalea kundi la vijana wa jumuiya yetu huku kaskazini mwa jiji. Wengi wazazi wao ni Warundi na Wakongo waliopitia kambi za Kigoma kabla ya kuletwa huku. Mwezi ujao sisi viongozi tumealikwa kukaa na maofisa wa Idara ya Haki ya jimbo, tuzungumzie vijana wanaoingia mikononi mwa sheria. Mzee wetu amenikabidhi taarifa ya mwaka ya idara akasema, "Wewe umesoma, ipitie utuambie hawa watu wanafanya nini."

Nimeanza. Kuna picha, kuna barua ya Mkurugenzi Mkuu, halafu majedwali mpaka macho yanauma. Mahakama zimo, magereza yamo, usajili wa vizazi, vifo na ndoa umo, msaada wa kisheria umo, hadi wosia na mirathi. Kila ukurasa unasema kazi imefanyika. Sitaki kwenda kikaoni kuwa mtu wa kuitikia tu. Kwenda kulaumu bila kitu mkononi pia sitaki.

Nani anawalazimisha kuandika taarifa hii? Nani anaihakiki? Na mtu kama mimi, nisiye mhasibu, nisome kurasa zipi ili niujue ukweli wa mambo ya vijana wetu?

mama_hesabu

Mlezi, pole na kazi na hongera kwa kuuliza kabla ya kikao. Kabla ya kuhamia Perth nilikuwa kwenye ukaguzi wa hesabu za serikali nyumbani Tanzania, na huku nazisoma taarifa hizi kila zinapotoka. Inaniuma kuona jumuiya zetu zikiziacha mezani wakati zinatuhusu sisi na watoto wetu.

Anayewalazimisha ni Bunge la jimbo. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha ya 2006, kila idara inatoa taarifa ya mwaka wa fedha, Julai 1 hadi Juni 30, na waziri anatakiwa aifikishe bungeni ndani ya siku 90. Ndiyo maana zinamiminika Septemba. Mkurugenzi Mkuu anatia saini kwamba hesabu na viashiria vya utendaji, yaani zile namba zinazopima kazi ilivyofanyika, vinaonyesha hali halisi, na saini hiyo ina uzito wa kisheria.

Anayehakiki ni Mkaguzi Mkuu wa jimbo. Hapa kuna jambo zuri ambalo naomba ulishike. Katika Australia Magharibi Mkaguzi Mkuu haangalii fedha peke yake. Anatoa maoni juu ya mambo matatu: hesabu, udhibiti wa ndani, na viashiria vya utendaji. Nyumbani tumezoea kusubiri kusikia nani kapata hati safi na nani hati chafu upande wa fedha. Huku hata ile namba inayosema "kesi zilichukua muda fulani" ina hati yake. Itafute, ni kurasa chache tu. Lakini ielewe vizuri: hati safi ya viashiria inasema kipimo kinafaa na namba imekokotolewa sawasawa. Haisemi kwamba namba yenyewe ni nzuri. Gereza linaweza kuwa katika hali mbaya kabisa na kipimo chake kikapata hati safi, kwa sababu kimeonyesha ubaya huo kwa usahihi.

Sasa ruka picha, ruka barua, nenda moja kwa moja kwenye viashiria. Utaona safu mbili zinazokwenda pamoja, lengo na hali halisi. Lile lengo halikutungwa na aliyeandika taarifa. Liliwekwa kwenye vitabu vya bajeti, ambavyo kwa kawaida hutoka Mei, kabla mwaka wenyewe haujaanza. Taarifa ni jibu la ahadi iliyotolewa zaidi ya mwaka mmoja nyuma. Kwa hiyo fungua vitabu vya bajeti vya mwaka ule, usome ahadi kwanza, ndipo usome jibu. Pale zilipopishana sana idara huandika maelezo madogo chini ya jedwali. Hayo maelezo madogo ndiyo ninayosoma mara mbili mbili, maana pale ndipo idara inapozungumza kwa maneno yake kuhusu kilichoshindikana.

Nikupe viashiria vitatu vinavyowahusu vijana wako, na jinsi kila kimoja kinavyoweza kumpotosha msomaji.

Cha kwanza ni muda wa kusubiri kesi kusikilizwa. Mara nyingi wanatoa mediani: panga kesi zote kuanzia ya haraka hadi iliyochelewa kuliko zote, chukua ya katikati. Nusu ya watu wamesubiri zaidi ya hapo, na wa mwisho kabisa kwenye mstari hawaonekani. Huyo wa mwisho anaweza kuwa mahabusu ambaye bado hajapatikana na hatia yoyote. Uliza: wale waliosubiri kuliko wote walisubiri muda gani, na wangapi kati yao walikuwa ndani?

Cha pili ni kiwango cha wanaorudi kizuizini. Kinahesabu waliotoka na kurudi ndani ya miaka miwili. Maana yake namba ya mwaka huu inawahusu watu walioachiwa takriban miaka miwili iliyopita, chini ya programu za wakati ule. Ikishuka, uongozi wa leo usijipongeze haraka. Ikipanda, usiwatupie mzigo wote walioingia juzi. Na kijana asiyerudi ndani anaweza kuwa amepata kazi, au amehama jimbo, au analala barabarani. Kiashiria hakitofautishi.

Cha tatu ni gharama ya kumweka mtu mmoja gerezani kwa siku. Hiki ndicho kinachonikera kuliko vyote. Tuseme gereza linatumia dola 100,000 kwa siku na lina watu 500: ni dola 200 kwa kichwa. Waongeze wawe 600 bila kuongeza askari, muuguzi wala mwalimu, inakuwa kama dola 167. Kwenye jedwali ufanisi umepanda. Kwenye selo kuna mtu analala chini. Magereza ya jimbo hili yamejaa, watu wazima waliomo wamevuka 8,000, kwa hiyo gharama ikishuka usifurahi kabla ya kuuliza idadi ya wafungwa na ya watumishi.

La nyongeza tu: idara hii kwa sura yake ya sasa ilianza Julai 1, 2017, zilipounganishwa idara ya Mwanasheria Mkuu na ile ya magereza. Ukitaka kulinganisha na miaka ya kabla ya hapo itabidi utafute taarifa za idara mbili.

mkalimani_wa_kortini

Mama Hesabu amesema vizuri. Mimi ni mkalimani, kazi yangu inanifunga mdomo kuhusu kesi, kwa hiyo nataja tu yaliyo wazi kwa kila mtu.

Mlezi, usisome taarifa ya idara peke yake. Isome pamoja na za Mkaguzi wa Huduma za Magereza. Huyu si mtu wa idara. Ana sheria yake ya 2003, anakagua kila gereza na kituo cha watoto walau mara moja kila miaka mitatu, na taarifa zake zinakwenda bungeni. Idara inaandika wastani wa jimbo zima. Mkaguzi anaingia kwenye kituo kimoja na kuandika alichokiona.

Kwa vijana, tafuta Banksia Hill. Ndicho kituo pekee cha jimbo kilichojengwa kwa ajili ya watoto wa miaka 10 hadi 17. Desemba 2021 Mkaguzi aliipa idara notisi rasmi ijieleze kwa nini jambo lisipelekwe kwa waziri, kwa sababu ya hali ya watoto pale. Julai 2022 baadhi ya watoto walihamishiwa Unit 18, jengo lililo ndani ya gereza la watu wazima la Casuarina. Agosti 2022, na tena Julai 2023, Mahakama Kuu ya jimbo iliamua kwamba kuwafungia watoto selo kwa saa nyingi namna ile hakukuwa halali. Oktoba 2023 mtoto wa miaka 16 alifariki baada ya kujidhuru Unit 18. Zipange tarehe hizo kwenye karatasi, halafu chukua taarifa za mwaka za idara za miaka hiyohiyo uzisome sambamba. Angalia kila jambo limepewa nafasi kiasi gani.

Mwaka 2024 notisi kama ile ilitolewa kwa gereza la Hakea, ambako mahabusu wengi hupelekwa. Humo kuna watu wazima, lakini kijana wa miaka 18 anahesabiwa mtu mzima.

Tena, kila kifo cha mtu aliye mikononi mwa serikali kinachunguzwa na mahakama ya uchunguzi wa vifo, na Mchunguzi Mkuu ana wajibu wa kuripoti kila mwaka kuhusu vifo hivyo. Ni taarifa nzito kuisoma, lakini kila mtu pale ana kurasa zake, si namba.

Na mkifika kikaoni msiwasahau wenyeji wa nchi hii. Waaborijini ni kama asilimia 3 ya watu wa jimbo, lakini kati ya wafungwa watu wazima ni takriban watu wanne kwa kila kumi. Mapendekezo 339 yalitolewa tangu 1991 na tume ya kifalme iliyochunguza vifo vyao vizuizini. Wao wameuliza maswali haya kabla yetu, na kwa machungu zaidi.

mwana_wa_likoni

Salamu kutoka Mombasa, nafuatilia kwa kuwa dada yangu anaishi Perth. Kwetu Kenya, Idara ya Mahakama hutoa ripoti yake ya mwaka chini ya Jaji Mkuu, na magereza yako upande wa serikali kuu, ripoti mbali. Sasa huko idara moja inaripoti mahakama na magereza pamoja? Majaji wanakubali wizara iwapime?

mama_hesabu

Kaka wa Likoni, swali zuri. Majaji wako huru, idara haiwezi kumwambia jaji aamue vipi wala amalize kesi lini. Idara inaendesha majengo, masijala, makarani, mifumo ya kompyuta na usalama. Lakini kipimo cha muda wa kusubiri kimewekwa kwenye taarifa ya idara, ingawa sehemu yake iko mikononi mwa majaji, waendesha mashtaka, polisi na mawakili. Kwa hiyo ukiuliza kwa nini kesi zimechelewa, ofisa anaweza kukujibu kwa haki kabisa kwamba si yeye peke yake. Ndiyo maana ni bora kumuuliza kuhusu vile anavyovishika mwenyewe: idadi ya makarani, vyumba vya mahakama, wakalimani.

mlezi_wa_vijana

Nashukuru sana, mama, na wewe mkalimani. Nimekaa na taarifa tangu juzi, nimezipanga zile tarehe kama nilivyoelekezwa. Ilibidi nisimame nitembee kidogo uani kabla ya kuendelea.

Nimeandika maswali haya kwa ajili ya kikao, naomba mnisahihishie:

Kwa nini vijana wengi wa Kiafrika wako kizuizini? Kwa nini mnawafungia watoto selo? Mnatumia fedha kiasi gani?

mama_hesabu

Mlezi, moyo wa maswali ni sahihi ila yaelekeze. La kwanza watakujibu kwamba hawana namba hiyo, na huenda ni kweli, maana taarifa inawatenga Waaborijini na wasio Waaborijini, na vijana wetu wanamezwa katika hilo kundi la pili. Basi uliza hivi: "Je, mnaandika nchi alikozaliwa kijana au lugha ya nyumbani kwao anapoingia? Kama mnaandika, mtatupa lini? Kama hamwandiki, mtaanza lini?" Kwa swali hilo hawezi kukujibu kwa hotuba. Mvulana aliyezaliwa Perth kwa wazazi wa Bujumbura hataonekana kwenye nchi ya kuzaliwa, kwa hiyo lugha ing'ang'anie.

La pili, uliza wastani wa saa ambazo mtoto alikuwa nje ya selo kwa siku, mwezi kwa mwezi, Banksia Hill mbali na Unit 18 mbali. Wastani wa mwaka mzima unafunika miezi mibaya.

La tatu tayari liko kwenye taarifa, usipoteze nafasi yako. Tume ya Tija ya serikali ya shirikisho hutoa kila mwaka, mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, taarifa inayolinganisha majimbo yote: mahakama, magereza, haki ya watoto. Nenda na ukurasa wa Australia Magharibi umeshachapishwa, uuweke mezani, uulize kwa nini tunatofautiana na majimbo mengine.

Na ongeza la nne kuhusu faini. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2020, mtu mwenye hali ngumu anaweza kupewa kibali cha kulipa faini kwa kazi ya kujitolea, masomo au matibabu. Vijana wengi hawajui. Uliza ni wangapi wametumia kibali hicho, na kama maelezo yake yapo kwa Kiswahili na Kirundi.

mkalimani_wa_kortini

Yapeleke maswali kwa maandishi wiki moja kabla, mlezi, na uombe majibu kwa maandishi pia. Ukienda kuyasoma palepale utaambiwa "tutafuatilia", na mtu aliyesema hivyo mwezi unaofuata anahamishiwa kitengo kingine. Taarifa za miaka ya nyuma ziko kwenye tovuti ya Bunge, na ukitaka kusoma za karatasi ukiwa na utulivu, kaulize Maktaba ya Jimbo pale Northbridge. Kuingia ni bure, na Jumamosi nipo mjini. Tukikutana tutapitia pamoja kurasa za vijana.