Friji limegoma: nitengeneze au ninunue lingine?

Kiduku_Shangani
Wakuu, habari za jioni. Friji langu haligandishi tangu Ijumaa. Taa inawaka, mota inanguruma, ndani joto kama sebuleni. Fundi wa hapa Mtwara mjini anataka 130,000. Sokoni kuna la mtumba 380,000, na jipya la ukubwa huo linakaribia 700,000. Nifanye lipi? Mama watoto anauza barafu za ubuyu, kila siku tunakula hasara.

FundiBaridi
Umeleta mgonjwa hujasema anaumwa wapi. Milango mingapi? Lina miaka mingapi? Lilipunguza baridi taratibu au lilikata ghafla? Na usome kibandiko cha kwenye mota: gesi yake ni R134a au R600a?

Mzee_wa_Mitwero
Nunua jipya. Mtumba ni kununua maradhi ya mwenzio.

Kiduku_Shangani
Milango miwili, miaka minne, R600a. Lilikata ghafla.

FundiBaridi
Ghafla tu? Hukuligusa?

Kiduku_Shangani
Haya. Barafu ilijaa kule juu, nikawa naing'oa kwa kisu. Nikasikia fyuuu. Mama watoto hajui, naomba yaishie hapa hapa.

Korosho_Ghafi
😂😂 Siku zote unamsingizia umeme!

BintiMikindani
Kaka, usicheke nao, sikiliza yangu. Langu lilitobolewa hivyo hivyo na binti wa kazi. Fundi akaja na mtungi, akajaza gesi, akachukua 60,000. Likaganda siku nne. Nikampigia, akajaza tena, 40,000. Likaganda wiki. Mara ya tatu akasema mota imekufa, akaondoka na friji zima kwenye bajaji. Siku tatu zikawa nusu mwezi. Liliporudi lina mota yenye kutu, rangi nyingine kabisa, na linatetemeka mpaka vikombe vinacheza kabatini. Wakati huo nina kolekole wa sikukuu, nimewahamishia kwa majirani watatu, wawili wakarudisha pungufu. Tundu lenyewe? Hakuwahi kuliziba!

FundiBaridi
Huyo si fundi, ni muuza gesi. Tundu likiwa kwenye bati la aluminiamu linazibika, au unafungwa mfumo mpya wa mabomba. Ila kichujio lazima kibadilishwe, hewa yote ivutwe kwa pampu, ndipo gesi ijazwe kwa mzani. R600a hutumia gramu chache sana, kwa hiyo kukisia hakufai. Tena inashika moto, anayewasha tochi ya kuchomelea kabla hajaitoa yote mkimbie. Kiduku, friji umeshalichomoa ukutani?

Kiduku_Shangani
Bado, linanguruma. Nilidhani huenda likarudi lenyewe.

FundiBaridi
CHOMOA SASA HIVI! Likizunguka na tundu linaweza kuvuta hewa na unyevu ndani, na mota nayo inakwenda. Hapo 130,000 haitatosha.

Kiduku_Shangani
Nimechomoa.

Mzee_wa_Mitwero
Mnahangaika bure. Sisi tulikula ng'onda, samaki wa juani, hakuna aliyejua gramu za gesi.

BintiMikindani
Babu, ubuyu nao utaanikwa juani?

Korosho_Ghafi
Ukinunua, nunua kabla ya Oktoba. Minada ya korosho ikianza na watu wa Newala na Tandahimba wakalipwa, hapo sokoni hupunguziwi hata mia.

Mzee_wa_Mitwero
Walipwe kwanza.

Korosho_Ghafi
Mzee, usinianzishie hiyo.

Kiduku_Shangani
Tusiende shambani jamani. Fundi, hiyo 130,000 ina kichujio ndani yake?

FundiBaridi
Muulize yeye. Muulize na mzani anao. Akishangaa, umepata jibu.

Kiduku_Shangani
Nimempigia. Kasema gesi anaisikia kwa mkono.

BintiMikindani
Huyo huyo! Ana bajaji ya bluu?

Ligula_Kwetu
Samahani wakuu, hilo la mtumba la 380,000 bado lipo? Ni upande gani pale sokoni?