Hatua za uzamivu katika uhandisi kemikali: ipi inastahili kuogopwa?

Mkemia_Mgeni ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Nina shahada ya kwanza ya kemia, wala si ya uhandisi, na nimepokelewa katika programu ya uzamivu ya uhandisi kemikali inayofuata mfumo wa Marekani, yaani ule unaomruhusu mtu kuingia bila kupitia kwanza shahada ya uzamili. Mwongozo niliotumiwa unataja masomo ya msingi, mtihani wa kufuzu, utetezi wa pendekezo la utafiti, mikutano ya kila mwaka na kamati, na mwishowe utetezi wa tasnifu. Majina ya hatua hizo nayaelewa; nisichokielewa ni kile ambacho kila hatua inakipima. Kwa sasa ninaogopa zaidi mtihani wa kufuzu, kwa kuwa sijawahi kusoma mtiririko wa vimiminika na gesi wala usanifu wa riakta, yaani chombo ambamo mmenyuko wa kemikali hufanyika. Je, woga huo una msingi? Na je, miaka mitano inayotajwa na mwongozo hutosha?

Mwalimu_wa_Riakta amejibu:

Ndugu Mkemia, pokea pongezi zangu. Nimekaa upande wa watahini kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nitakueleza yale ninayoyaona nikiwa upande huo.

Pengo lako ni la kweli, lakini halipo pale unapodhani. Mkemia amezoea chupa iliyofungwa: anaweka vitu ndani, anasubiri, kisha anapima alichopata. Mhandisi hufanya kazi na chombo ambacho vitu vinaingia na kutoka bila kukoma, na swali lake la kwanza daima ni lile la mizania: ni kiasi gani kinaingia, kiasi gani kinatoka, kiasi gani kinazalishwa au kuliwa na mmenyuko, na kiasi gani kinalimbikizwa ndani. Ukiizoea hesabu hiyo kwa maada na kwa nishati kabla ya muhula wa kwanza, utakuwa umevuka sehemu kubwa ya mto. Idara nyingi huwapa wanafunzi waliotoka kemia, fizikia au biolojia masomo ya kuziba pengo, nawe usiyaonee haya, hata kama yatakuweka darasani pamoja na wanafunzi wa shahada ya kwanza.

Masomo ya msingi yenyewe hayatofautiani sana kutoka chuo hadi chuo: thamodinamiki, uhamishaji wa mwendo, joto na maada, kinetiki ya mimenyuko pamoja na usanifu wa riakta, na hisabati ya kihandisi ambayo kwa sehemu kubwa ni milinganyo tofautishi. Kwa kawaida humalizwa katika mwaka wa kwanza au ndani ya mwaka wa pili, na vyuo vingi vya mfumo huo hudai wastani usiopungua 3.0 kati ya 4.0.

Sasa nije kwenye mtihani wa kufuzu. Sura zake ni nyingi: mahali pengine huandikwa kwa siku moja au mbili juu ya masomo ya msingi, pengine mwanafunzi hupewa makala iliyokwisha kuchapishwa aichambue mbele ya jopo, na pengine hutetea kazi ndogo ya utafiti aliyoianza. Pamoja na tofauti hizo, jambo linalotafutwa ni moja, nalo ni kama mtahiniwa anaweza kufikiri kutoka kwenye misingi pale ambapo kumbukumbu haimsaidii. Nitoe mfano wa swali ninalolipenda. Mwanafunzi anaambiwa kwamba mtafiti amepima nishati ya uamilishaji ya mmenyuko (kizingiti cha nishati ambacho molekuli lazima zikivuke ili zimenyuke) juu ya chembe za kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko, zenye vitundu, akapata thamani iliyo karibu nusu ya ile iliyotarajiwa. Tatizo ni nini? Aliyekariri huanza kushuku vipimajoto. Aliyeelewa hujiuliza kama mmenyuko unakwenda kasi kuliko uwezo wa molekuli kusambaa hadi katikati ya chembe, kiasi kwamba sehemu ya ndani ya kichocheo haifanyi kazi yoyote. Hali hiyo ikiwa kali, kasi tunayoipima hufuata kipeuo cha pili cha zao la kigezo cha mmenyuko na kigezo cha usambaaji, na kwa sababu usambaaji hautegemei sana halijoto, nishati inayoonekana hushuka hadi karibu nusu ya ile halisi. Kisha huuliza mwenyewe, bila kusukumwa, kama chembe zikisagwa kasi kwa kila gramu itapanda. Itapanda: kipenyo kikipungua kwa nusu, kasi huongezeka karibu maradufu, na hilo ni jaribio la alasiri moja tu. Ernest Thiele aliandika juu ya jambo hili mwaka 1939, na moduli yenye jina lake bado ndiyo tunayoitumia kupima mashindano hayo kati ya mmenyuko na usambaaji.

Wewe mkemia una faida katika swali kama hilo, kwani unajua kinachotendeka juu ya uso wa kichocheo. Anayeshindwa mara ya kwanza kwa kawaida hupewa nafasi ya pili, na anayeshindwa tena mara nyingi huondoka na shahada ya uzamili. Kwa hiyo mtihani huo uuheshimu, lakini usikunyime usingizi.

Uamuzi ninaouona mzito zaidi ni ule ambao mwongozo wako huenda umeutaja kwa mstari mmoja tu, yaani kumchagua msimamizi. Katika programu nyingi, wahadhiri huwasilisha miradi yao katika muhula wa kwanza, wanafunzi huzungumza na kadhaa kati yao, kisha huandika majina kwa mpangilio wa wanavyopendelea. Wahoji wanafunzi wa maabara hiyo bila msimamizi kuwapo. Waulize waliotangulia walimaliza kwa miaka mingapi, fedha za mradi zinaisha lini, na rasimu iliyopelekwa kwa msimamizi hurudi baada ya muda gani.

Kichocheo_Polepole amejibu:

Ninaafikiana na Mwalimu kuhusu mtihani wa kufuzu na kuhusu msimamizi, lakini naomba niongeze hatua ambayo ndiyo ilinikwamisha mimi: pendekezo la utafiti.

Pendekezo hutetewa mbele ya kamati ya wahadhiri watatu hadi watano, na mara nyingi mmoja wao hutoka nje ya idara. Ukilipita, unakuwa mtahiniwa wa uzamivu, yaani chuo kimekubali kwamba kinachobaki ni utafiti na tasnifu. Idara yetu ilitaka lifanyike ndani ya mwaka wa pili. Mimi nililiahirisha hadi mwishoni mwa mwaka wa tatu, nikiamini kwamba kamati itaniheshimu zaidi nikija na matokeo mengi. Mtambo wangu ulikuwa wa shinikizo kubwa wenye hidrojeni. Ukaguzi wa usalama, kufunga vitambuzi vya gesi na kusubiri vali zilizoagizwa vilichukua miezi tisa, nami nikajiambia kwamba muda huo ni lazima niufidie kwa data kabla ya kusimama mbele ya mtu yeyote.

Siku ya utetezi, mjumbe mmoja aliomba kuona mizania ya kaboni. Nilikuwa nayo: kati ya kaboni yote iliyoingia katika riakta, niliweza kuonyesha asilimia 82 tu ilikokwenda. Nilikuwa nikiamini kwamba iliyobaki ni makosa ya kromatografia ya gesi, yaani kifaa cha kutenganisha na kupima gesi zilizochanganyika. Akaniuliza kama nimewahi kupima uzito wa kichocheo baada ya mmenyuko. Sikuwahi. Tulipokichoma katika hewa na kupima kaboni dioksidi iliyotoka, tulikuta kwamba sehemu kubwa ya kaboni iliyopotea ilikuwa imeganda juu ya kichocheo kama makaa, na kwa hiyo kasi nilizokuwa nikizihesabu kwa mwaka mzima zilikuwa za kichocheo kilichokuwa kikizidi kufa. Data ya mwaka huo ilirudiwa karibu yote.

Kama ningekwenda mbele ya kamati mwaka mmoja mapema, nikiwa na majaribio sita tu na mizania isiyofunga, swali lile lile lingeulizwa na ningepoteza miezi miwili. Kwa hiyo, Ndugu Mkemia, pendekezo ni mahali pa kuonyesha swali la utafiti, dhana unayoijaribu, matokeo machache ya awali, na njia mbadala iwapo jaribio kuu litagoma. Hiyo njia mbadala wengi huiandika kwa aya moja ya kutimiza wajibu, ilhali ndiyo kamati huisoma kwa makini zaidi. Mikutano ya kila mwaka nayo itumie hivyo hivyo: wapelekee kile kinachokusumbua.

Kuhusu miaka mitano, mimi nilimaliza kwa sita na miezi minne.

Msomaji_wa_Ulaya amejibu:

Kwa manufaa ya wengine watakaosoma hapa, niseme kwamba mpangilio huu si wa kila mahali. Uingereza, kwa mfano, mafunzo ya uzamivu huchukua kwa kawaida miaka mitatu hadi minne, masomo ya darasani ni machache, na mwishoni mwa mwaka wa kwanza mwanafunzi huandika ripoti na kuhojiwa ndipo usajili wake wa uzamivu uthibitishwe. Tasnifu hutahiniwa faraghani na watahini ambao kwa kawaida ni wawili, mmoja wa ndani na mmoja wa nje ya chuo, na kupita kwa sharti la masahihisho madogo ni matokeo ya kawaida kabisa. Nchi nyingi za bara la Ulaya hudai shahada ya uzamili kabla ya kuanza, na ndiyo sababu muda wao unaonekana mfupi.

Mkemia_Mgeni ameandika tena:

Nawashukuru sana. Habari ya mizania ya kaboni nimeisoma mara mbili, na nimeshaanza mazoezi ya mizania ya maada. Naomba kuuliza mambo mawili ya mwisho: je, ni lazima nichapishe idadi fulani ya makala, na je, utetezi wa mwisho una jambo ambalo mtu hujutia kutolijua mapema? Mradi ninaoufikiria unahusu utando wa kutenganisha gesi, na unafadhiliwa kwa sehemu na kampuni.

Mwalimu_wa_Riakta amejibu:

Idadi ya makala hutofautiana: baadhi ya vyuo huiandika katika kanuni, vingine huiachia kamati. Ulizia jambo hili kabla ya kutetea pendekezo, na liandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Kilicho na faida zaidi ni kuandika kila sehemu ya kazi inapokamilika, kwa kuwa makala iliyopitiwa na wahakiki hugeuka kuwa sura ya tasnifu kwa kazi kidogo, na utangulizi wa pendekezo lako, ukiufanyia marekebisho kila mwaka, utakuwa sura ya mapitio ya maandiko. Zingatia pia kwamba programu nyingi hudai muhula mmoja au miwili ya kusaidia kufundisha. Uifanye mapema, kabla mtambo wako haujaanza kukudai siku nzima.

Juu ya utetezi, umeuliza vyema kwa kutaja kampuni. Sehemu ya kwanza ya utetezi katika mfumo wako huwa ya wazi kwa yeyote, na tasnifu huwekwa maktabani ambako mtu yeyote anaweza kuisoma. Mambo hayo mawili yanaweza kuhesabiwa kuwa ni kuutangaza uvumbuzi hadharani. Sheria ya hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) ya Marekani humpa mvumbuzi mwaka mmoja wa kuwasilisha maombi baada ya yeye mwenyewe kuutangaza, lakini katika mfumo wa hataza wa Ulaya nafasi ya namna hiyo kwa kawaida haipo, na mhadhara mmoja wa wazi unaweza kuuondolea uvumbuzi sifa ya upya. Kama utando wako utaonyesha jambo jipya, ofisi ya hataza ya chuo ijulishwe miezi kadhaa kabla ya siku ya utetezi, maombi yawasilishwe kwanza, na ikibidi uombe tasnifu izuiwe kusomwa kwa muda unaoruhusiwa na kanuni. Mkataba wa kampuni usome mwenyewe kabla ya kuukubali mradi, hasa kifungu kinachoeleza inaruhusiwa kukuchelewesha kuchapisha kwa siku ngapi.